Mistari Myeusi ya Ziwa Ikamba

Gogo la Ikamba lilifika maabara Jumatatu asubuhi, na mimi ndiye niliyelipasua.

Gogo si la mti, tusije tukapotezana mapema. Ni tope. Unaingia ziwani na jukwaa linaloelea, unashindilia bomba refu mpaka ligonge mwamba, unalivuta juu, na humo ndani ziwa limejipanga lenyewe: mwaka juu ya mwaka, la kale chini, la juzi juu. Sisi wasomaji tunaliita gogo kwa sababu lina uzito wa gogo na linavunja mgongo vilevile.

Nilililaza mezani, nikapitisha waya wa kukatia kutoka kichwani hadi mkiani, nikafungua nusu mbili. Wenzangu hapo huwa wanashangilia. Wanainama, wananusa, wanaitana waje waone rangi. Mimi nilifuta waya nikaurudisha mahali pake. Tangu masika nilikuwa nafanya kazi kama mtu anayeosha vyombo vya nyumba isiyo yake. Binti yangu Koleta alifariki masika yale, mtoto wa miaka sita, kwa homa ya siku chache, akiwa kwa mama yangu huko Ilemwa, na mimi nikiwa huku mjini napasua matope ya watu wengine. Baba yake alishaenda zake zamani. Nimeshasema, sitaki kulirudia.

Mji wa Ilemwa uko ufukweni mwa Ziwa Ikamba. Kwa hiyo gogo lile lilikuwa la kwetu.

"Hukuomba kujitoa?" Dokta Lutengano aliniuliza. Huyo ndiye mkuu wetu, mtu mpole, mwenye tabia ya kusimama mlangoni bila kuingia.

"Baraza ndilo limeniomba nisijitoe."

"Aa," akasema. "Basi sawa."

Baraza la Kingo linapenda hivyo. Zamani za babu zetu maziwa mengine ya bonde yalipopanda na kumeza miji, serikali ilitunga Sheria ya Kumbukumbu: ardhi yoyote ambayo maji yamewahi kuifunika ndani ya vizazi kumi ni ya ziwa, na mtu hakai hapo. Hakuna rufaa. Mashine ndiyo inayosoma, lakini watu walikataa katakata kuhamishwa na mashine, wakasema lazima aje mtu, asimame mbele yao, atamke kwa mdomo wake. Walitaka mtu wa kumkasirikia, na nadhani ni haki yao. Baraza nalo likagundua kwamba watu hutulia zaidi kama anayetamka ni mtoto wa nyumbani.

"Mkalimani," nikasema, "soma."

Mkalimani ndiye mashine yenyewe. Ana jicho linalotambaa juu ya gogo taratibu, na sauti ya mwanamke mpole ambayo mimi imenichosha kitambo. Anaangalia mambo matatu. La kwanza ni vijimea vya majini, vidogo kiasi cha kutoonekana, vyenye magamba ya kioo. Vile vya kina kirefu si sawa na vya maji ya magotini, kwa hiyo ukiona magamba unajua maji yalifika wapi. La pili ni chokaa na chumvi, zinazobaki ziwa likikauka. La tatu ni makaa. Kiangazi kikali kikija nyika inaungua, upepo unaleta masizi ziwani, yanazama, yanaacha mstari mweusi. Mstari mweusi ni ukame. Hata mtoto wa shule anaweza kulikariri.

Gogo la Ikamba lilikuwa na mistari myeusi mingi. Mingine minene kama kidole.

"Ukame wa kujirudia," Mkalimani akasema. "Ziwa halijavuka kingo za sasa ndani ya vizazi kumi. Mji wa Ilemwa, salama."

Taa zikazimika na chumba kikajaa ziwa, maana Mkalimani hakuambii tu, anakuonyesha. Nikaona Ikamba ya wakati wa mabibi zetu imenywea mbali, na mahali ambapo leo pana shule na kanisa na nyumba ya mama pakiwa pakavu, panaota miiba. Lutengano akapiga makofi pale mlangoni.

"Hongera, mama! Kwenu mmepona!"

"Asante."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi," nikasema, nikaenda kunawa mikono.

Kulikuwa na kitu kimoja. Ndani ya mistari ile myeusi mlikuwa na magamba ya kina kirefu, mengi tu, yamechanganyika na makaa. Nikamuuliza Mkalimani. Akasema yameletwa na mto. Nikamuuliza mbona makaa hayana nyasi, maana nyika ikiungua kinachoungua ni nyasi. Akasema makaa haya ni ya kuni, huenda palikuwa na msitu. Ikamba haijawahi kuwa na msitu hata siku moja. Nililiona hilo wazi, kama ninavyowaona ninyi, na sikujali. Nikavua koti nikaenda kulala.

*

Nilifika Ilemwa wiki ya kutamka. Habari ilishavuja. Sijui nani hukaa anavujisha, ila siku zote hufika kabla yangu. Watu walikuwa wanapaka nyumba chokaa. Kijana mmoja na mkewe mpya walikuwa wanachimba msingi kuelekea majini kabisa, na yule mke aliniita kwa mbali, "Dada Editruda! Njoo uone chumba chetu!" Nikampungia mkono.

Mama alikuwa jikoni. Anaitwa Pelagia, na hapo Ilemwa ukisema kwa Pelagia hata mbwa anakuelekeza. Alinikumbatia, akanisukuma nyuma kunitazama, akanivuta tena.

"Kaa. Usiguse kitu. Umekonda."

Jiko lake ni la mafiga matatu, na moto wake hauzimwi. Niwaeleze, maana wengi wenu ni watu wa gesi. Kwetu moto wa jikoni unafukiwa na majivu usiku na kufukuliwa asubuhi, mwaka hadi mwaka. Ukikuzimikia kwa uzembe hupigi kiberiti. Unakwenda kuomba kaa kwa ndugu, na unachekwa. Moto unazimwa kwa jambo moja tu, msiba. Mtu akifa, lile jiko alilokuwa anakula linamwagiwa maji, majivu yote yanakombwa, na wakwe, yaani waliooa katika ukoo, wanayapakia mtumbwini kwenda kuyamwaga ziwani. Wafiwa wanasimama ufukweni wameyapa maji mgongo mpaka mtumbwi urudi. Hawatazami na hawaambiwi yamemwagwa wapi. Baadaye ndipo wanaletewa kaa jipya.

Nilisimama hivyo masika yale. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa zahanati na tangazo la chanjo ya ng'ombe. Nililisoma lote, nikarudia kulisoma, mpaka nikasikia mtumbwi unagusa mchanga.

"Shemeji!" Huyo alikuwa Osward, mume wa mdogo wangu Felista, anaingia jikoni akiwa ameinamisha kichwa. "Huko mjini hawali?"

"Wanakula. Ila kila mtu kwake, si kama wewe."

"Haa! Mama, umemsikia mwanao? Mimi nimekuja kuangalia kama moto unawaka, nikasikia harufu, nikakaa kwa heshima tu."

Mama akacheka. Alikuwa hajacheka mbele yangu tangu msiba, na nilimtazama nikijua kwamba ingenipasa kufurahi. Akampakulia Osward kabla yangu. Osward akala na kupiga soga. Yeye ndiye aliyekodiwa kuwapeleka watu wa bomba kwa mtumbwi wake.

"Wale vijana wana akili bwana. Nilidhani watatoboa popote, lakini walizunguka na kamashine kao siku nzima mpaka wakapata penye kina kuliko pote. Pale maji hayatikisiki hata upepo uvume vipi. Kinachozama pale kimezama, hakisogei. Ndiyo maana hata sisi huwa tuna..."

Tonge likabaki mkononi.

"Hata ninyi huwa mnafanya nini pale, shemeji?"

"Hakuna kitu."

"Osward."

"Wewe mfiwa, dada. Usiniulize." Alimtazama mama. Mama alikuwa ameshika mwiko na amesimama tu.

"Mnamwagia pale pale?"

Akarudisha tonge sahanini, na jibu nikalipata.

"Tangu lini?"

"Mimi nilionyeshwa na wakwe walionitangulia," akasema kwa sauti ndogo. "Na wao walionyeshwa. Tangu huko. Dada, tuliache, nakuomba. Nimeropoka."

Tuliliacha. Nilimaliza chakula changu, nikamsaidia mama kuosha sahani, na huku kichwani jambo lilikuwa limeshakaa sawa lenyewe. Watu wa bomba wanatoboa penye utulivu, kwa sababu hapo tope halichanganyiki. Wakwe zetu wanamwaga penye utulivu, kwa sababu hapo marehemu hasumbuliwi. Ni sehemu ileile. Makaa yale hayakuwa na nyasi kwa kuwa hayakutoka nyikani, yalitoka mafigani. Mstari mweusi haukuwa ukame. Ulikuwa misiba, na mstari mnene ulikuwa misiba mingi kwa mpigo.

Na ndani ya mistari minene mna magamba ya kina kirefu. Maji yanapanda, visima vinachanganyika na vyoo, watu wanaanza kuharisha, wanakufa nyumba kwa nyumba. Waliobaki wanazima majiko. Halafu wanapanda mlimani, maji yakishuka wanarudi, na wajukuu wanasahau. Mkalimani alinionyesha kiangazi. Kumbe nilikuwa naangalia mafuriko.

Na juu kabisa ya gogo, karibu na kifuniko cha bomba, palikuwa na uzi mmoja mwembamba mweusi. Nilikuwa nimeupitishia waya bila kuufikiria.

Jioni nilimuuliza mama. Nilijifanya nauliza tu.

"Hivi mama, wangesema mhame?"

"Nani aseme?"

"Baraza."

"Si wamesema tubaki? Mbona unatafuta maneno?"

"Nauliza."

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Mtoto wako nimemzika hapa. Kila asubuhi napita kwake nikienda kisimani, namsalimia. Nikihama mimi, nani atamsalimia? Wewe?"

Nilichukua maharage kidogo nikachambua na mimi.

*

Nilimpigia Lutengano simu kesho yake. Alinisikiliza bila kunikatiza, na alipoanza kusema nilisikia mlango unafungwa upande wake. Kumbe anajua kuingia chumbani na kufunga mlango.

"Una ushahidi?"

"Mdomo wa shemeji."

"Mkalimani hasomi mdomo. Unamjua. Amefundishwa na mamia ya maziwa kwamba makaa ni nyika. Kumbadilisha, umlishe majivu ya jiko, ya ziwa hilohilo, yaliyolala kwenye tope hilohilo, na umwambie ni ya nani na ya lini. Hapo atajifunza alama zake, atasoma gogo upya. Unayo?"

"Yapo ya juu kabisa. Ya masika."

"Ni ya..."

"Ndiyo."

"Editruda, tanuru la Mkalimani linayachoma na kuyameza. Ule uzi ni kidogo sana, utahitaji wote. Hakuna kinachorudi."

"Najua linavyofanya kazi."

Akavuta pumzi. "Sasa naongea kama kaka yako, si kama mkuu wako. Mashine imesoma. Wewe ni msomaji, ukitamka ilivyosoma, hujadanganya mtu. Maji yanaweza kuja baada ya miaka themanini. Yanaweza yasije kabisa. Lakini ukilisema hili, mwezi ujao malori yapo hapo. Umeziona kambi za nyanda za juu. Baridi ile. Wazee hawamalizi mwaka kule, unawajua uliowahamisha mwenyewe. Mama yako ana umri gani?"

"Sabini na kitu."

"Basi fikiria."

"Unaniambia ninyamaze."

"Nakuambia ukinyamaza, mama yako atafia kitandani kwake. Ukisema, wataokoka wajukuu wa watu ambao hawajazaliwa. Chagua, mimi nitakusaidia lolote utakaloamua. Ila usiseme hukuambiwa."

Watu huniuliza niliamuaje. Wanataka niwaambie kwamba nilisali, au nililia, au Koleta alinijia ndotoni. Hakuna. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya shule nikijaribu kusikia kitu chochote ndani yangu, huruma, hofu, hata hasira, na nilikuwa nimekufa ganzi mpaka kwenye vidole. Nilimfikiria mama mmoja ambaye hajazaliwa, siku za mbele huko, amesimama ufukweni ameyapa maji mgongo. Sikumpenda, na simjui. Lakini najua mtu anavyosoma ukuta pale. Nikaona mtu mwingine asisimame hapo kwa sababu yangu. Ni hivyo tu. Nikachukua gari nikarudi mjini.

*

Nilimwambia Lutengano asije. Nilikomba ule uzi kwa kisu kidogo cha maabara, kutoka nusu zote mbili, nikauweka kwenye kikombe cha tanuru. Ulijaza nusu kijiko. Nikafunga, nikawasha, nikakaa.

Mkalimani akaanza kutaja.

"Majivu ya mgunga. Pumba za ulezi. Mifupa ya samaki wadogo. Maziwa yaliyoungua. Maziwa yaliyoungua. Maziwa yaliyoungua." Anarudia kitu kikizidi kiasi. "Je, ni jiko la nyumbani?"

"Ndiyo."

"Taja mwenyewe."

"Koleta."

"Taja wakati."

Nikautaja.

Koleta alikuwa hawezi kuachwa na maziwa. Alisema anayalinda. Anachuchumaa mbele ya sufuria na mwiko, anayatazama kwa macho yote, na yakianza kupanda anashangaa yanavyopanda mpaka yanamwagika motoni. Kila siku. Mama alinilalamikia kwenye simu: "Huyu mwanao atamaliza maziwa ya mji mzima kwa kuyalinda." Tulicheka sana siku ile.

Nikasubiri nilie. Niliweka mikono magotini nikasubiri vizuri kabisa, maana nilijua hapa ndipo pake na hakuna pengine patakapokuja kupafaa zaidi. Kilio hakikuja. Kikombe kilipotoka kilikuwa cheupe, kisafi. Nikabonyeza kuendelea.

"Usomaji wa awali umefutwa," Mkalimani akasema. "Nasoma upya."

Taa zikazimika. Ziwa likaja tena, juu ya mji wa leo, na safari hii halikunywea. Lilivuka mchanga, likapita zahanati, likaingia shuleni kwa madirisha, likafunika jiko la mama, likapanda kanisa mpaka msalaba tu ndio ukabaki nje, halafu na wenyewe ukazama. Likashuka. Likapanda tena. Kila lilipopanda palikuwa na mstari mweusi. Mara ya mwisho ilikuwa enzi za bibi yake bibi yangu.

"Kasi ya kupanda?" nikauliza.

"Msimu mmoja wa mvua," akasema Mkalimani kwa upole wake ule.

*

Siku ya kutamka walikuwa wamevaa nguo za Pasaka. Wanawake walikuwa wamepika tangu alfajiri, masufuria ya wali yamepangwa chini ya turubai, na ngoma zimeshawekwa juani zikaze. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele na Felista. Osward alikuwa nyuma na wakwe wenzake. Lutengano alikaa kando yangu na koti la Baraza, jasho linamtoka.

Sheria inampa msomaji maneno mawili tu ya kuchagua. Unasema "ardhi hii ni ya watu," au unasema "ardhi hii ni ya ziwa." Kisha ndipo unaeleza.

Nikasimama. "Ardhi hii ni ya ziwa."

Wakapiga makofi. Walishajiandaa kupiga makofi, na mikono ilitangulia masikio. Kuna aliyepiga vigelegele. Vikakatika katikati, na makofi yakapungua kidogo kidogo, mpaka akabaki mzee mmoja kiziwi anapiga peke yake na mkewe akamshika mikono.

"Umesemaje?" mtu akauliza.

"Nimesema ni ya ziwa."

Nikaeleza. Nilieleza yote, mistari, magamba, mafiga, kina. Sikutaja jina la Osward, lakini Ilemwa si mji wa kuficha jina. Wakwe wote waligeuka wakamtazama, na yeye akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Hawajampandisha mtumbwini kwa msiba wowote tangu siku ile.

Felista akasimama. Mdogo wangu ana sauti ndogo, na siku hiyo kila mtu aliisikia.

"Kwa hiyo umechukua majivu ya mtoto."

"Ndiyo."

"Ukawapa Baraza."

"Niliipa mashine."

"Ikayachoma."

"Ndiyo, Felista. Ikayachoma."

"Yaani wewe," akasema, "mwanao amezimiwa moto mara moja ikawa haikutosha." Akakaa. Yule kijana wa msingi mpya alikuwa ameshika kiuno cha mkewe na anatazama chini. Kuna jiwe lilirushwa, dogo, likampata Lutengano begani badala yangu. Hakulalamika. Nilitamani linipate, si kwa toba, nilitaka tu kujua lingekuwaje.

Mama ndiye aliyeinuka mwisho. Nilidhani anakuja kwangu. Akanipita, akaenda kwenye turubai, akafunua sufuria ya kwanza.

"Watu wale," akasema. "Chakula kimeshaiva."

Wakala. Ilemwa nzima ilikula wali wa sherehe, na ngoma zimekaa juani. Mama alimpakulia kila mtu. Mimi aliniwekea sahani mezani, akaondoka bila kunitazama.

*

Malori yalikuja kama Lutengano alivyosema. Kuna amri moja ya usafiri ambayo Baraza halikuwahi kuifikiria, kwa sababu kwingine haina uzito: moto hauruhusiwi ndani ya lori. Asubuhi ile wanawake wa Ilemwa walisimama majikoni mwao na ndoo za maji. Wengine walimwaga, na wakilia walilia kilio cha msiba, kile kile, maana hawakuwa na kingine. Nyumba baada ya nyumba ilitoa moshi mweupe na kutulia.

Mama hakumwaga. Alitoka na chungu, kaa zimefukiwa na majivu ndani yake, akaja nacho mpaka kwenye lori. Hakubeba kingine, godoro na masanduku alibebewa na Felista.

"Bibi, moto hapana," akasema askari wa msafara. Alikuwa kijana wa heshima tu. "Utaunguza watu. Mwaga hapo, shikamoo."

"Marahaba," mama akasema, na hakumwaga.

Askari akanigeukia mimi na koti langu la Baraza. "Mama, tusaidie. Mwambie bibi."

Mama alikuwa hajaniambia neno tangu siku ya turubai. Wiki tatu nilikuwa nalala kwake, nakula kwake, tunapishana mlangoni. Hata sasa hakunitazama. Alisimama na chungu chake mbele ya lori na kilikuwa kinamlemea, maana ana miaka sabini na kitu.

Ule moto uliletwa siku mtumbwi wa Koleta uliporudi. Ulitoka kwa Felista, kaa moja juu ya kigae, na mama akaupuliza mpaka ukashika. Haujazimika tangu hapo.

"Ni dhamana yangu," nikamwambia askari. "Andika jina langu."

"Lakini mama, wewe unakwenda na gari la Dokta."

"Siendi na gari la Dokta."

Nikavua koti nikampa alishike, nikapanda. Felista alisogea, si kwa mapenzi, kwa nafasi. Nikampa mama mkono, akapanda kwa taabu, akakaa kwenye ubao mkabala na mimi. Lori likaunguruma. Barabara ya mlimani ni ya mashimo matupu, na mama alihitaji mikono miwili kushika chuma. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akainama, akakiweka chungu mapajani mwangu, bila ngata wala kitambaa, akashika chuma.

Tukaondoka. Mwanzoni sikusikia chochote. Tulipita zahanati, tukapita makaburi, na mama alisema kitu kwa midomo tu tulipopita makaburi. Tulipoanza kupanda, joto likapenya kwenye khanga, likapenya kwenye gauni.

"Mama," nikasema. "Kinaniunguza."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu wali ule, akanitazama usoni.

"Ehe," akasema. "Kishike, mwanangu. Usikiachie."

Nikakishika. Kiliuma, kiliuma kweli kweli, na nikalia kwa sauti mbele ya watu wote wa lori, njia nzima ya kupanda mlima.